Karatasi ya Berkeley katika zahanati za Ngara

Kila mwanzo wa mwezi, wagonjwa wa asubuhi wakishapungua, muuguzi wa zahanati ya kijijini wilayani Ngara au Biharamulo huvuta kiti mezani na kufungua madaftari makubwa ya MTUHA, mfumo wa kitaifa wa taarifa za huduma za afya. Huweka rula chini ya mstari ili jicho lisiruke, kisha huhesabu: wajawazito waliofika kliniki kwa mara ya kwanza, watoto waliochomwa chanjo ya surua, waliopimwa malaria na waliokutwa nayo. Vijiti vinne husimama, cha tano hulazwa juu yao, na safu inaendelea. Ukurasa ukiisha hujumlisha kwa kikokotoo cha simu, halafu hurudia, maana jumla ya kwanza na ya pili zikipishana hata kwa mtoto mmoja, kazi inaanza upya.

Jumla hizo huhamia kwenye fomu ya mwezi, na fomu husafiri. Kutoka vijiji vya mpakani mwa Burundi hupanda bodaboda hadi Ngara mjini. Kutoka upande wa Nyakahura na Nyakanazi huelekea Biharamulo. Huko mratibu wa MTUHA wa wilaya hukaa mbele ya kompyuta na kuingiza tarakimu moja moja kwenye visanduku vya skrini. Vituo vyenye kompyuta na mtandao huingiza vyenyewe. Tarakimu zikishahifadhiwa, aliyeko Bukoba au Dodoma anaweza kuziona bila kusubiri bahasha.

Mfumo unaozipokea unaitwa DHIS2, na kitovu cha utengenezaji wake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Pamoja na mfumo huo kuna karatasi ambayo wengi wanaoutumia kila siku hawajawahi kuisoma. Ni fupi, haijazi hata ukurasa mmoja. Juu imeandikwa kwamba hakimiliki ni ya Chuo Kikuu cha Oslo kuanzia mwaka 2004. Kisha inamruhusu mtu yeyote kuitumia programu hiyo, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa, kwa masharti matatu: tangazo la hakimiliki libaki ndani ya msimbo, libaki pia kwenye nyaraka za programu iliyokwisha kuandaliwa, na majina ya wenye kazi na waliochangia yasitumike kunadi bidhaa ya mtu mwingine bila ruhusa. Mwisho kuna onyo: hakuna dhamana yoyote, likikuharibikia ni lako.

Maneno ya karatasi hiyo hayakutungwa Oslo. Asili yake ni Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Marekani, na yalipatikana baada ya miaka mingi ya mivutano, kesi mahakamani na usiku mwingi wa kuandika upya kazi iliyokwisha kuandikwa. Nimeifuatilia safari ya karatasi hiyo kwa sababu naamini ndani yake kuna somo ambalo vyuo vyetu havina budi kulishika mapema: anayeandika leseni ndiye anayeamua nani ataruhusiwa kutengeneza kitu kinapoharibika.

Rubisi na mtumbwi wake

Kwa Kagera, mkoa zilipo Ngara na Biharamulo, mfano wa kueleza msimbo chanzo hauhitaji kutafutwa mbali. Ndizi za pombe huivishwa shimoni. Zikiiva hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji yake matamu. Mtama uliokaangwa na kusagwa hutiwa humo, mtumbwi hufunikwa, na kesho yake kuna rubisi. Mgeni akipewa kibuyu atakunywa na kusifu. Ila kwa kutazama kibuyu hawezi kujua ndizi zilikaa shimoni siku ngapi, wala mtama ulikuwa kiasi gani. Rubisi ikiwa chungu hana la kufanya ila kurudi kwa aliyempa.

Programu ya kompyuta nayo ina kibuyu na ina mtumbwi. Kibuyu ni ile programu tayari, iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, inayofanya kazi ukiibofya. Mtumbwi ni msimbo chanzo: maandishi ya mtunzi mwenyewe, yenye maagizo hatua kwa hatua, ambayo binadamu aliyesomea anaweza kuyasoma, akaona kosa lilipo na kulirekebisha.

Hata hivyo, kuonyeshwa mtumbwi hakutoshi. Unaweza kuuona msimbo wote na bado sheria ikakukataza kuugusa. Hapo ndipo leseni inapoingia. Leseni ni neno la mwenye kazi kwamba fulani anaruhusiwa kufanya hiki, na hiki haruhusiwi. Historia ya leseni hizo kwa sehemu kubwa ni historia ya vyuo vikuu, maana huko ndiko mabishano yalikoanzia.

Kanda kutoka maabara ya simu

Mwaka 1969, katika maabara za Bell za kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo endeshi uliokuja kuitwa UNIX. AT&T ilikuwa na ukiritimba wa simu, na kwa makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani ilizuiwa kuingia katika biashara nyingine. Hivyo haikuweza kuuza UNIX kama bidhaa. Vyuo vikuu vilipoiomba, kampuni ikavipa kanda zenye msimbo wote kwa ada ndogo, bila huduma na bila dhamana.

Kanda mojawapo ilifika Berkeley mwanzoni mwa 1974. Mwaka huohuo, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, baada ya mradi wa kompyuta wa hesabu za serikali kuleta hasara na aibu. Wakati wanafunzi wa California wanaanza kusoma msimbo mstari kwa mstari, mlango wetu ulikuwa unafungwa. Tofauti hiyo ya miaka tunailipia mpaka leo.

Thompson mwenyewe alikwenda kufundisha Berkeley mwaka 1975. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, Bill Joy, akakusanya maboresho ya chuo na kuyagawa kwa kanda mwaka 1978. Nakala za kwanza zilikuwa kama 30 tu. Mkusanyiko huo ndio BSD. Huko Australia, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales alichapa msimbo wa UNIX pamoja na ufafanuzi wake ili awafundishie wanafunzi. Darasa zima likasoma kazi halisi ya mafundi wakubwa, kama vile mwanafunzi wa fasihi anavyosoma diwani.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1979, toleo la saba la UNIX lilitoka na leseni iliyokataza kuutumia msimbo kufundishia darasani. Kitabu cha Lions kikawa kitu cha kupitishwa mkono kwa mkono, nakala ya nakala ya nakala, herufi zikififia, mpaka kilipochapishwa kwa ruhusa mwaka 1996. Mwaka 1984 AT&T iligawanywa, kizuizi cha biashara kikaondoka, na bei ya leseni ya msimbo ikapanda mno. Walimu waliokuwa wamezoea kupewa wakajikuta wamefungiwa nje ya nyumba waliyosaidia kuijenga.

Kila chuo kilijibu kwa njia yake. Uholanzi, Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam aliandika mfumo wake mdogo wa kufundishia, MINIX, ukatoka mwaka 1987. Kwa kuusoma huo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza Linux mwaka 1991. Huko MIT, Richard Stallman alikwishachoshwa na printa ya maabara iliyokuwa ikikwama karatasi. Alijua namna ya kuirekebisha, lakini alipomwomba msimbo mtafiti wa chuo kingine alijibiwa kwamba ameahidi kutoutoa. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na Januari 1984 akaacha kazi MIT ili chuo kisije kudai kazi yake. Leseni yake, GPL, ilitoka mwaka 1989.

Hapo zikapatikana njia mbili, na tofauti yake inaeleweka vizuri ukirudi kwenye mtumbwi. GPL inasema: chukua mtumbwi wangu, ongeza ujuzi wako, lakini ukimpa mtu rubisi yako mwonyeshe naye ulivyoipika, na yeye awe na ruhusa hiyohiyo. Leseni ya Berkeley, inayoitwa BSD kama mkusanyiko wake, inasema: chukua, fanya utakalo, hata ukitaka kuificha, ilmradi umtaje aliyekufundisha.

Berkeley nayo ilikuwa na kazi ngumu, kwa kuwa BSD yake ilichanganyika na msimbo wa AT&T. Mwaka 1989 ilitoa kwanza sehemu ya mtandao iliyokuwa mali yake tupu. Kanda iliuzwa dola 1,000, lakini aliyeinunua alikuwa huru kuwagawia wengine bure. Keith Bostic, mmoja wa mafundi wa chuo hicho, akaomba watu wa kujitolea waandike upya programu zilizobaki bila kuutazama msimbo wa AT&T. Malipo yao yalikuwa jina kwenye orodha ya waliochangia. Zaidi ya watu 400 walijitokeza, na mwaka 1991 karibu kila kitu kikawa kimeandikwa upya. Mwaka uliofuata, kampuni ya AT&T iliyokuwa na haki za UNIX ilifungua kesi, na chuo kikajikuta mahakamani.

Mwaka 1994

Kwa watu wa Ngara, mwaka 1994 una maana moja inayotangulia zote. Kuanzia tarehe 28 Aprili, daraja la Rusumo lilijaa watu waliokimbia mauaji ya Rwanda. Makadirio ya UNHCR yalifika watu 250,000 ndani ya saa 24. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa kambi kubwa kuliko mji wowote wa karibu. Wilaya ndogo ya milima na migomba ikalazimika kuhesabu: wangapi wamelala leo, wangapi wanaharisha, maji ya watu wangapi, surua imeanzia upande gani. Waliofanya kazi kambini wanajua kwamba penye umati kama ule hesabu ni uhai. Usipojua wameugua wangapi jana, hujui dawa ya kesho uagize kiasi gani.

Siku zilezile, Afrika Kusini ilikuwa kwenye foleni za uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote. Serikali mpya ilirithi huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi katika idara 14, kila moja na fomu zake. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika watoto wangapi wamechanjwa katika nchi nzima. Kutokana na shida hiyo, mwaka huo ulianzishwa mradi wa HISP, uliowaunganisha watafiti na wanaharakati wa afya wa Cape Town na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa. Walishika kanuni ya zamani ya Skandinavia kwamba mfanyakazi atakayetumia chombo awepo kinapochongwa. Katika miaka iliyofuata walitengeneza DHIS ya kwanza, programu ya kukusanya taarifa za afya za wilaya.

Mwanzoni mwa 1994, kesi ya Berkeley nayo iliisha kwa suluhu. Katika mafaili yapatayo 18,000, matatu tu yalitakiwa kuondolewa. Mwezi Juni chuo kikatoa BSD isiyo na kizuizi cha mtu. Mwaka huohuo, wanafunzi wawili wa Berkeley, Andrew Yu na Jolly Chen, walikuwa wakiipa hifadhidata ya chuo chao, Postgres, lugha ya SQL inayotumiwa kote duniani. Kazi hiyo ikazaa PostgreSQL, nayo ikatolewa kwa leseni ya aina ileile ya chuo.

Mwezi Julai wa mwaka huo Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki. Chini ya mkataba huo, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, bila kusajiliwa popote. Jambo hilo lilipita kimyakimya, lakini lina uzito katika mwisho wa makala haya.

Sitaki kulinganisha msiba wa Rusumo na kesi ya kanda za kompyuta. Nauweka mwaka huo hapa kwa sababu nyuzi zote zinazofika leo kwenye meza ya mratibu wa MTUHA wa Ngara zilisokotwa wakati huo, sehemu mbalimbali, na watu wasiojuana.

Kutoka Oslo hadi Mlimani

DHIS ya kwanza ilikuwa huria, lakini ilisimama juu ya Microsoft Access, programu ya kununuliwa. Mwenye nyumba alikuwa anatoa vyumba bure huku kiwanja ni cha mtu mwingine: kila wilaya iliyoipokea bado ilihitaji leseni ya kampuni kwa kila kompyuta. Ndiyo sababu Oslo iliamua kuandika upya. Kazi ya DHIS2 ilianza mwaka 2004, kwa lugha ya Java, ili iendeshwe kwenye mtandao na isimame juu ya vifaa huria toka msingi. Hifadhidata inayotumika chini yake ni PostgreSQL. Leseni waliyoichagua ni BSD.

Kwa hiyo mtoto anayechanjwa Rulenge, akishakuwa tarakimu, hulala ndani ya hifadhidata iliyozaliwa Berkeley, kupitia mfumo wa Oslo unaolindwa na maneno ya Berkeley. Vyuo viwili vilivyo mbali hivyo na Ngara vimo humo kwa sababu viliacha mlango wazi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuwa mtazamaji. Wahadhiri wake, miongoni mwao Honest Kimaro na Juma Lungo, walisomea shahada za uzamivu Oslo na kuandika tasnifu kuhusu mifumo ya taarifa za afya ya Tanzania yenyewe. Walirudi chuoni kwao Mlimani, na kikundi chao kikakua. Kufikia mwaka 2013, miaka miwili baada ya Kenya kuuanzisha nchi nzima, DHIS2 ilikuwa imeenea Tanzania Bara. Vijana wa HISP Tanzania wakatengeneza programu za nyongeza, mojawapo ikiwa ubao wa alama unaoonyesha kwa rangi wilaya gani inakwenda vizuri na ipi imelegea. Programu hiyo iliwekwa kwenye hazina ya pamoja, na nchi yoyote inayotumia DHIS2 inaweza kuipakua. Hapo Tanzania iliacha kuwa mpokeaji.

Mwaka uleule wa 2004 ilipoanza kazi ya DHIS2, palepale Mlimani, kulikuwa na kazi nyingine isiyopaswa kusahauliwa. Mradi wa Kilinux ulitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, na mwezi Desemba Jambo OpenOffice ikatoka. Hilo liliwezekana bila kumpigia mtu magoti, kwa kuwa leseni ilikwisha kutoa ruhusa. Mwenye programu iliyofungwa ndiye anayeamua kama lugha yako ina soko la kutosha kumstahili. Mwenye programu huria amekwisha kukuachia uamuzi huo wewe mwenye lugha.

Na ukivuka Rusumo kuingia mashariki mwa Rwanda utakuta ushahidi mwingine. Hospitali ya Rwinkwavu ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kutumia OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief na Chuo Kikuu cha Indiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Nao ulikuja na leseni inayoruhusu kubadilisha. Yaani pande zote mbili za mto Kagera, mgonjwa anaandikwa kwenye vyombo vilivyotoka vyuoni.

Ugonjwa hausubiri leseni

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza ndugu yangu hospitalini, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Tulikuta foleni imesimama. Mfumo wa kuandikisha wagonjwa na malipo ulikuwa umejifunga usiku, muda wa leseni ulipokwisha, na kampuni iliyouleta ilikuwa haipokei simu. Karani alitoa daftari jipya, akachora mistari kwa kalamu na rula, akaanza kutuandika kwa mkono. Kijana wa kompyuta wa hospitali alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Hakukosa akili wala elimu. Alikosa ruhusa na alikosa msimbo, na mbele yake kulikuwa na kibuyu kilichozibwa.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Ulikuwa mlipuko wa pili Kagera. Wa kwanza ulitokea mwaka 2023 wilaya ya Bukoba. Wa Biharamulo ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025. Watu wawili walithibitishwa kuugua na wanane walihesabiwa kuwa wagonjwa kwa dalili na mazingira. Wote kumi walifariki. Familia za Biharamulo zilizika wapendwa wao, na wahudumu wa afya walifuatilia kila aliyewagusa.

Katika siku kama hizo, wilaya haiwezi kungoja mkataba ufanyiwe marekebisho ili fomu iongezewe swali moja. Tanzania ina mfumo wa kielektroniki wa ufuatiliaji wa magonjwa uliojengwa juu ya DHIS2, unaomwezesha mhudumu kutuma taarifa hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Nyongeza kama hiyo haikuhitaji barua ya maombi kwenda Oslo. Ulimwengu uliona nguvu ya ruhusa hiyo mwaka 2020, pale Sri Lanka ilipotengeneza ndani ya DHIS2 sehemu ya kufuatilia wageni wakati UVIKO-19 unaanza kusambaa, kisha kazi hiyo ikagawiwa nchi nyingine zikaichukua na kuibadilisha.

Ni lazima pia kusema ukweli wa upande wa pili. Leseni haileti umeme zahanati, hailipi mshahara wa mratibu, hainunui seva. Fedha nyingi za kuiendeleza DHIS2 zimetoka kwa wafadhili, na uamuzi kuhusu kiini chake bado unafanyika zaidi Oslo kuliko Dar es Salaam. Tena msimbo kuwa wazi hakumaanishi taarifa za mgonjwa ziwe wazi. Msimbo ni jengo la zahanati, ambalo ramani yake inaweza kubandikwa ukutani. Taarifa ni yale aliyomwambia daktari mlango ukiwa umefungwa, nayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayechanganya mambo hayo mawili huwatisha viongozi bure, wakafunga kilichopaswa kuwa wazi.

Kimya ni kufuli

Sasa turudi kwenye Mkataba wa Berne. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi. Mwanafunzi akishaiandika, imelindwa. Maana yake ni kwamba msimbo usio na leseni umefungwa na sheria, hata kama aliyeuandika hakuwahi kukusudia kuufunga na hata kama ameuweka mtandaoni kila mtu auone. Anayetaka kuuendeleza kwa uaminifu anasimama mlangoni, na wa kumfungulia hajulikani alipo.

Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta katika vyuo vyetu hufanya miradi ya mwaka wa mwisho. Wapo wanaobuni programu za kupanga foleni ya kliniki, kufuatilia dawa stoo, kuwakumbusha kina mama tarehe ya chanjo. Mradi unawasilishwa, maksi zinatolewa, ripoti inajaladiwa na kupelekwa maktaba. Msimbo unabaki kwenye kompyuta ya kijana. Mwaka unaofuata mwingine anaanza jambo lilelile kutoka ukurasa mtupu. Tunakanyaga ndizi zilezile kila msimu, na hakuna anayerithi mtumbwi.

Berkeley ilitoa wakubwa wa fani hii kwa sababu mwanafunzi wa 1978 alianzia pale alipoishia wa 1977. Naona vyuo vyetu vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama isiyozidi karatasi chache. Chuo kiamue kwa maandishi kwamba mradi wa mwanafunzi ni mali ya nani, ili kijana asije kugombana na mlezi wake. Kila mradi ukabidhiwe pamoja na faili la leseni, iwe BSD, iwe GPL, na mhadhiri aeleze tofauti zake darasani kabla ya mwanafunzi kuchagua. Pawe na hazina moja ya chuo ambamo msimbo huo unawekwa na kutunzwa. Na serikali inaponunua mfumo kwa fedha za umma, mkataba useme mapema kwamba msimbo utakabidhiwa pamoja na haki ya kuurekebisha, ili siku kampuni isipopokea simu, kijana wa kompyuta wa hospitali atoe mikono mfukoni.

Viongozi wanaojua bei ya lami hawatashindwa kuelewa jambo hili. Hakuna wilaya ingekubali barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo ijengwe kwa masharti kwamba ni mkandarasi peke yake, milele, anayeruhusiwa kuziba shimo.

Mwezi ujao, siku za kwanza, rula itawekwa tena chini ya mstari katika zahanati za Ngara na Biharamulo. Muuguzi atahesabu vijiti vyake, fomu itapanda bodaboda, na tarakimu zitaingia kwenye mfumo ambao karatasi yake ina jina la chuo cha Norway na maneno ya chuo cha Marekani. Nimeisoma karatasi hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu linarudi kwenye mstari wa kwanza, pale jina la mwenye hakimiliki linapoandikwa. Binti au kijana aliyesomea sekondari hapa Kagera, akafika Mlimani, anaweza siku moja kuujaza mstari huo kwa jina lake au la chuo chake, kwenye programu itakayotumika Ngara na ng'ambo ya Rusumo vilevile. Tunachodaiwa ni kumfundisha, kabla hajahitimu, kwamba mstari huo upo na kwamba usipojazwa, kazi yake itabaki imefungwa.